Gunia lisilo na lebo ni hatari kwa ndama wa Girinka

Tangu mpango wa Girinka uanzishwe mwaka 2006, ndama jike wa kwanza si mali ya nyumba moja. Familia iliyopewa ng'ombe humlea ndama huyo, kisha humkabidhi jirani anayengoja zamu yake. Akifa angali mdogo, nyumba mbili hupata hasara.

Hapa Kigali malisho ni haba, na wafugaji wengi hulisha ng'ombe zizini. Chakula cha ziada hununuliwa dukani. Muuzaji akifungua gunia na kupima kilo chache, lebo hubaki kwake. Mfugaji mwenye kuku na ndama akiona ni nafuu kuwapa wote chakula kimoja, hapo ndipo penye hatari.

Chakula cha vifaranga huweza kuwa na monensini, dawa ya kuzuia kuhara damu. Katika nchi kadhaa ng'ombe nao hupewa dawa hiyo, lakini kwa kipimo maalumu. Ikizidi huharibu misuli ya moyo. Ndama hukataa kula, huhema kwa shida na huweza kufa ghafla, wala hakuna dawa ya kuitengua sumu hiyo. Urea nayo, ambayo ng'ombe mkubwa huitumia kwa kiasi kidogo, haimfai ndama ambaye tumbo lake la kucheua halijakomaa.

Wapo watakaosema hayo ni makosa ya mfugaji asiyesoma. Sivyo. Mwaka 1973 huko Michigan, Marekani, kemikali ya kuzuia moto ilipelekwa kimakosa badala ya madini ya magnesi yanayoongezwa kwenye chakula cha ng'ombe wa maziwa. Majina ya bidhaa hizo mbili yalikaribiana na magunia yalifanana. Ng'ombe wapatao 30,000 walipotea. Ikiwa wataalamu wa kiwandani walikosea, itakuwaje kwa mfugaji anayepewa mfuko mtupu?

Wakati umefika kila mfuko, hata wa kilo mbili, uuzwe na karatasi ya Kinyarwanda inayotaja aina ya mnyama, umri wake na kilichoongezwa ndani. Wakaguzi wasiishie viwandani, wafike hadi madukani. Mfugaji naye aulize kabla ya kulipa, na ndama akilegea, amwite daktari wa mifugo na kumhifadhia chakula kilichobaki.

Karatasi hiyo ni gharama ndogo. Ndama ni ahadi kwa jirani.