Oicha: Amepona Ebola, lakini kichwa hakijapona. Nini kinaendelea ndani ya ubongo?

Mtu akitoka CTE wakati wa Ebola, alikuwa anapewa cheti. Kile cheti kilikuwa na maana moja tu: damu yake ilipimwa mara mbili na virusi havikuonekana tena. Wengi waliimba, wakapiga picha, wakarudi nyumbani. Lakini kisha miezi fulani, kati ya hao wanaoitwa washindi wa Ebola kulianza kusikika maneno ambayo hayakuandikwa katika cheti. Kichwa kinauma bila kuacha. Macho yanaona ukungu. Mama anaweka sufuria ku moto, anatoka ku barza kusalimia jirani, sombe inaungua, na yeye hakumbuki kama kuna kitu alichoacha jikoni.

Hapo mtaa unagawanyika. Wamoja wanasema amelogwa. Wengine wanasema anajifanyisha, anangojea msaada wa riposte irudi. Na wengine, wenye woga zaidi, wanavuta kiti mbali: «Ebola ingali ndani yake.» Pande zote tatu hazijasikia habari ya mikroglia.

Kwanza tukumbushe. Mlipuko wa 10 wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3.470 waliugua, 2.287 walikufa. Waliobaki hai ni zaidi ya 1.100, wengi wao wa Beni, Butembo, Katwa, Mangina, Mabalako, na hapa Oicha ambako ugonjwa ulifika mwezi ule ule wa Agosti, wakati waganga hawakuweza kufika bila kusindikizwa juu ya ADF.

Sasa, mikroglia ni nini? Ni chembe ndogo sana za ubongo, karibu moja kati ya kila kumi. Mhispania Pío del Río Hortega ndiye alizionyesha wazi, mwaka 1919. Zinaingia kichwani wakati mimba ingali na majuma machache tu, na haziondoki tena. Tuseme ni askari waliozaliwa ndani ya kambi. Zina mikono mirefu inayotembea pande zote usiku na mchana, inapapasa-papasa kama hakuna adui. Zinakula uchafu na chembe zilizokufa. Zinakata pia viungo vya neva ambavyo havina kazi tena, sawa vile mkulima anavyopunguza matawi ya kahawa ili mti uzae vizuri. Bila kazi hiyo mtoto hangejifunza vema.

Mdudu au virusi vikiingia, askari hawa wanabadilika. Wanavuta mikono, wanavimba, wanatoa maji makali ya kuua adui. Ni vizuri, kama vita ni vya siku chache. Shida ni pale wanapokataa kushusha silaha. Wakaaji wa Oicha hawahitaji kuelezwa sana juu ya hiyo: askari akikaa miezi na miezi kidole ku bunduki, mwisho risasi inampata raia. Ndani ya kichwa, raia ni neva, zile zinazobeba kumbukumbu, usingizi na hasira. Ndiyo sababu waganga wanaotafuta chanzo cha kusahau kwa washindi wa Ebola wanaangalia sana uvimbe huu unaobaki.

Na kusahau huko si mchezo wa kuigiza. Huko Liberia, uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2019 ulilinganisha watu 966 waliopona na watu wa karibu yao ambao hawakuugua. Kati ya waliopona, karibu 29 kwa kila 100 walilalamika kumbukumbu kupotea. Kwa wale wengine, hawakufika 5. Hao wengine pia walikuwa maskini, nao walizika ndugu katika mlipuko ule ule. Kwa hiyo mtu wa Oicha anayesema «ninasahau» asiitwe mwongo. Ni kweli kwamba hapa kwetu kuna pia mauaji, kukimbia usiku, kulala katika madarasa ya shule, na hayo yote yanaharibu usingizi na akili. Moja haliondoi lingine.

Sehemu ya pili ya habari ni ngumu zaidi. Ubongo una barriere yake. Mishipa ya damu inayoupitia imefungwa vizuri kuliko mahali pengine popote mwilini, na vitu vingi vya damu haviruhusiwi kupita. Dawa mbili zilizoonyesha nguvu katika majaribio ya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, mAb114 na REGN-EB3, ni antikori: vipande vikubwa vinavyokamata virusi ndani ya damu. mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, kazi ambamo profesa Muyembe na INRB wana sehemu kubwa. Dawa hizi ziliokoa watu wetu wengi, hakuna wa kukana. Lakini ku barriere ya ubongo, kiasi kidogo sana kinapita.

Mwaka 2022 wachunguzi wa jeshi la Marekani walieleza walichokuta katika nyani waliopona Ebola kwa dawa za namna hii. Kati ya 36, saba walikuwa wangali na virusi ndani ya vyumba vya maji vya ubongo, ndani ya chembe walinzi ambazo ni kama binamu za mikroglia. Viungo vingine vilikuwa safi. Wawili kati yao waliugua tena wakafa. Kwa binadamu, mfano unaojulikana ni wa muuguzi wa Scotland, Pauline Cafferkey: aliambukizwa Sierra Leone mwaka 2014, akapona, kisha Oktoba 2015 akaanguka na ugonjwa wa utando wa ubongo. Virusi vilijaa katika maji ya mgongo wake kuliko katika damu. Alitibiwa, akapona tena.

Je, basi jirani anayevuta kiti ana haki? Hapana. Virusi vilivyofungiwa kichwani havitoki kwa kusalimiana, kula pamoja wala kuketi ku benchi moja la kanisa. Hatari inakuja kama ugonjwa unaamka na mtu anaanza homa kali, na hata hapo jambo kama hilo ni la nadra. Linatokea lakini: mgonjwa mmoja wa eneo la Beni aliyepona mwaka 2019 aliugua tena kisha miezi sita, na kutokana naye watu 91 waliambukizwa. Mtu anayetengwa hatasema kwamba homa imerudi. Atanyamaza, atanunua dawa ku famasi ya kona.

Ufuatiliaji wa waliopona hapa ulipangwa kwa miezi 18. Huko Guinea, mwaka 2021, mlipuko ulitokana na virusi vilivyokaa kimya ndani ya mtu zaidi ya miaka mitano. Hesabu hizo mbili hazikutani, na viongozi wa afya wa mkoa wanapaswa kuulizwa.

Kuna pia jambo la sindano ya mgongo. Bila kutoa maji yale, muganga hawezi kujua kama virusi viko kichwani, kwani damu inaweza kuwa safi kabisa. Familia nyingi zinakataa. Zinasema anayetobolewa mgongo anapooza ao anakufa. Mara nyingi aliyekufa alikuwa ameletwa akiwa amechelewa, na sindano ikabeba lawama ya ugonjwa. Kipimo hicho hicho kinasaidia kutambua utando wa ubongo wa kawaida, ambao unaua watoto hapa hata bila Ebola.

Mshindi wa Ebola mwenye homa, shingo ngumu, degedege, macho yanayofifia ao maneno yanayochanganyika aende hospitali siku ile ile, na aonyeshe cheti chake ku mlango wa kuingilia. Wengi wanakificha. Kutoka Oicha hadi Beni ni kilometa karibu 30 kwa barabara namba 4 kupitia Mbau, na kila mmoja anajua ile barabara saa ya jioni.