Tahariri: Nishani Si Kura

Kila uchaguzi unapokaribia huzuka miongoni mwetu mtu aliyestaafu jeshini, akaweka cheo chake cha zamani mbele ya jina lake na kuomba apelekwe Bungeni. Wasomaji wetu wa Subukia wanauliza: je, huyu apewe kura? Sisi twasema kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya heshima, lakini heshima hiyo haitoshi kuwa sababu ya kumchagua mtu.

Tuanze na ardhi, kwa maana katika Bonde la Ufa askari na ardhi havitengani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpango wa mwaka 1919 uliwagawia mashamba askari wazungu waliokuwa wamepigania Uingereza. Waafrika waliobeba mizigo katika vita hivyo hivyo, wakafa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, hawakupewa shamba. Walichopata punde baadaye ni kipande cha kuvaliwa shingoni. Kwa hiyo askari anayeomba kura katika nchi iliyokuwa ya masetla hana budi kutueleza anasimama wapi katika suala la maskwota na watu waliofukuzwa makwao katika ghasia za mwaka 1992 na zilizofuata.

Historia imetupa mifano miwili. Wa kwanza ni Bildad Kaggia. Alitumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza, akarejea akiwa haogopi tena mzungu. Akafungwa pamoja na Jomo Kenyatta katika kesi ya Kapenguria. Mwaka 1963 watu wa Kandara walimpeleka Bungeni, naye akaendelea kudai kwamba wasio na ardhi wapewe ardhi bila kuinunua. Kwa ajili ya msimamo huo alipoteza wadhifa wake serikalini mwaka 1964. Mwaka 1965 Rais alimsuta hadharani akimwuliza amejifanyia nini yeye mwenyewe, ilhali wenzake wa kifungoni wamejipatia mali. Mwaka 1966 alijiunga na chama cha upinzani cha KPU, akapoteza kiti. Alikufa mwaka 2005 akiwa mtu wa kawaida. Suto lile, kwetu sisi, ndiyo sifa yake kuu.

Mfano wa pili ni Meja Jenerali Joseph Nkaissery, aliyechaguliwa Kajiado ya Kati mwaka 2002 na kukaa Bungeni hadi alipoingia Baraza la Mawaziri mwaka 2014. Huyu ndiye aliyeongoza operesheni ya kijeshi ya mwaka 1984 huko Pokot, na malalamiko ya wananchi juu ya mateso waliyoyapata yalifikishwa mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Hatusemi kwamba kila askari ana rekodi kama hiyo. Twasema kwamba jeshini mtu hufunzwa kutii amri, na Bungeni twamtaka mtu anayeweza kuikataa amri ikiwa ni mbaya.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 239, inakataza vyombo vya usalama kupendelea chama chochote. Aliyestaafu ni raia huru na ana haki ya kugombea. Lakini aje kama raia. Asije na vitisho, wala asidai kwamba kambi iko nyuma yake.

Basi mwulizeni mgombea maswali matatu. Ulipewa amri gani dhidi ya wananchi, nawe ulifanyaje? Ardhi yako uliipataje? Chama chako kikiwaamuru wabunge kupitisha sheria inayotudhulumu, utasimama upande gani? Asiyejibu mbele ya watu hatajibu akiwa Nairobi.

Kwa ndugu zetu wa makanisa twaongeza neno. Subukia ndiko kwenye madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria, ambako waumini wa makabila yote hukutana kwa sala. Mimbari isikodishwe kwa mchango wa harambee. Kumbukeni mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofukuzwa Uhuru Park kwa marungu na gesi ya machozi, kanisa la All Saints liliwafungulia mlango. Miongoni mwao alikuwa mamake Koigi wa Wamwere, ambaye Subukia ilimpeleka Bungeni mwaka 2002. Hakuwa na cheo cha jeshi. Alikuwa na miaka ya kizuizini.

Vyama vingi havikurudishwa mwezi wa Desemba 1991 ili tubadilishe mavazi ya wakubwa wetu. Vilirudishwa ili tuwahoji. Askari mstaafu aliye tayari kuhojiwa, tumsikilize. Anayetaka kupigiwa saluti, arudi nyumbani akapumzike.