"Mvumilie, Pasta, Ana Upako"

Hiyo kauli nimeichoka. Mwaka 2016 Golden State Warriors waliongoza fainali ya NBA 3-1. Draymond Green, nguzo ya ulinzi wao, akamrushia LeBron James mkono. Makosa yalikuwa yamejaa, akafungiwa mechi ya tano. Akaitazama akiwa uwanja wa besiboli wa jirani. Wakapigwa. Mechi ya saba alifunga pointi 32, na bado Cleveland wakabeba kombe.

Pointi 32! Kipaji kilikuwepo. Kilichokosekana ni kiasi, na kiasi ni tunda la Roho, si karama.

Wewe mpiga kinanda uliyemfokea dada wa kwaya Jumapili, mtafute leo, kabla ya mazoezi. Usipomtafuta, tutaimba kwa makofi.