Sahani ya Noeli

Hapa Lokandu, ukingoni mwa Lualaba, Noeli bila wali si Noeli. Wafanyabiashara Waswahili walieneza mpunga Maniema katika karne ya 19, nao ukakaa. Twamwambiaje basi mgonjwa wa kisukari, aliyeagizwa na daktari apunguze wali na bugali? Hatumkatazi kula na jamaa zake. Aanze na samaki na sombe, kisha wali kiasi cha ngumi yake. Dawa asiiache hata siku hiyo. Nanyi akina mama, msimwongezee kwa huruma: wali na bugali, vyote hugeuka sukari damuni. Kesho yake arudie kipimo chake, wala asifunge chakula ili kulipa. Atumiaye insulini akikaa na njaa, sukari yaweza kushuka hata akazimia.