Pafu la Kupandikizwa na Mazoea ya Barafu

Katika somo la kemia mwanafunzi wa sekondari hufundishwa mapema kwamba joto likipungua, mwendo wa mmenyuko hupungua nao. Kanuni ya kukisia, isemayo kwamba mwendo huo hupungua kwa nusu kila joto lishukapo kwa nyuzi 10 za sentigredi, huandikwa ubaoni, hunakiliwa, na hujibiwa katika mtihani. Kanuni hiyo sina ugomvi nayo. Ninalolipinga ni hitimisho ambalo wengi wetu, walimu tukiwamo, huliongeza kimyakimya: kwamba kitu chenye uhai kikitakiwa kihifadhiwe, basi kadiri baridi inavyozidi ndivyo inavyofaa. Dhana hii si ya darasani tu. Ilitawala vyumba vya upasuaji vya hospitali kubwa za dunia kwa miaka mingi.

Pafu la kwanza la binadamu lilipandikizwa Juni 1963, huko Jackson, Mississippi, na Daktari James Hardy. Mgonjwa aliishi siku 18. Ilipofika 1983, kundi la Daktari Joel Cooper wa Toronto, Kanada, lilifaulu kumpa mgonjwa miaka kadhaa ya uhai. Tangu hapo adui mkubwa amekuwa saa. Pafu likishatolewa kwa marehemu huoshwa damu kwa maji maalumu ya dawa, huachwa na hewa ndani, na hutiwa katika sanduku la barafu, likae karibu na nyuzi 4. Hapo madaktari huwa na kiasi cha saa 6 hadi 8. Ndiyo maana upasuaji huu, ulio mgumu mno, aghalabu umefanywa usiku wa manane na watu waliokwisha kuchoka.

Sasa yafaa tukumbuke kwamba pafu si figo. Vifuko vyake vimejaa hewa, na chembe zake zaweza kuendelea kutumia oksijeni iliyomo hata baada ya damu kukoma kupita. Ni kiungo kinachoweza kupumua polepole nje ya mwili, mradi kisizuiwe. Lakini karibu na barafu, pampu za utando wa chembe, zile zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu, hudhoofika. Maji huingia, chembe huvimba, na mitokondria huumia.

Tupige hesabu kwa kanuni yetu ile ile. Kutoka nyuzi 37 hadi 10, kazi za chembe hushuka zikabaki chini kidogo ya sehemu moja ya sita. Tukienda hadi 4, hubaki kama sehemu moja ya kumi. Faida ya nyuzi hizo sita za mwisho ni ndogo, na pafu hulipia gharama yake.

Mbona, basi, barafu ikatumika? Nionavyo mimi, kwa urahisi wake. Barafu inayoyeyuka hushikilia sifuri yenyewe, bila umeme wala mtambo. Nyuzi 10 hudai jokofu lenye kidhibiti joto. Majaribio ya wanyama ya miaka ya 1980 na 1990 yalikwisha kuonyesha ubora wa nyuzi 10, lakini mazoea yakashinda ushahidi. Mwaka 2021 watafiti wa Toronto walieleza kwamba mapafu ya nguruwe yalikaa saa 36 katika nyuzi 10 na yakafanya kazi vizuri yalipopandikizwa. Kisha wagonjwa watano wakapewa mapafu yaliyohifadhiwa hivyo. Matokeo ya wagonjwa 70 yalitolewa mwaka 2023: mapafu yaliyopatikana usiku yalilazwa hadi asubuhi, na wagonjwa hawakudhurika kwa kungoja huko. Ipo pia mitambo ya kulisukumia pafu dawa na hewa katika joto la mwili, ambayo Stig Steen wa Lund, Sweden, aliitangulia mwaka 2000. Ni kazi tukufu, ila ni ya gharama kubwa. Mimi nalistahi zaidi jokofu.

Wako watakaosema kwamba mambo haya yako mbali nasi. La hasha! Katika zahanati yoyote, chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini aina ya B ikiganda huharibika, ijapokuwa kwa sababu nyingine. Mhudumu anayeisogeza kwenye barafu akidhani anailinda humchoma mtoto dawa isiyo na nguvu. Alijibu vema mtihani wake wa kemia, labda.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kanuni ya joto na mmenyuko isifundishwe bila mipaka yake. Mwalimu asiye na maabara achukue ndizi mbili za mkungu mmoja, moja ailaze jokofuni na nyingine juu ya meza. Siku ya tatu wanafunzi waandike ni ganda lipi limegeuka jeusi, kisha wabishane kwa nini, kabla mwalimu hajataja neno utando.