Kisigino kinauma? Sindano kavu si kazi ya nyumbani

Ni alfajiri Maretadu. Mama anashuka kitandani, na hatua ya kwanza tu kisigino kinachoma kana kwamba amekanyaga msumari. Akitembea kidogo maumivu yanapoa. Jioni, baada ya shamba na mtoto mgongoni, yanarudi.

Chini ya wayo kuna msuli mfupi unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi vidole vinne vidogo. Ukikaza na kufanya fundo, mtu hukanyaga kwa kukwepa maumivu. Uzito huhamia upande mwingine wa wayo, na huko nako kunaweza kuanza kuuma.

Baadhi ya wataalamu wa fiziotherapia hutibu fundo hilo kwa sindano kavu. Inaitwa kavu kwa sababu haina dawa: sindano nyembamba huchomwa kwenye fundo ili msuli ulegee. Watafiti humsimamisha mgonjwa juu ya bamba lenye vipimo, kabla na baada, kuona kama uzito umegawanyika upya.

Je, inasaidia? Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha watu wazima 84 wenye maumivu ya kisigino. Waliochomwa kweli walipata nafuu kuliko waliochomwa kwa kuigiza, lakini tofauti haikuwa kubwa. Takribani mara 1 kati ya 3 walizochomwa, walipata usumbufu mdogo wa muda, kama maumivu pale sindano ilipoingia.

Mzazi, usimruhusu mtu asiye na mafunzo akuchome, wala usijaribu mwenyewe kwa sindano ya kushonea. Sindano chafu inaweza kuleta usaha, homa ya ini au virusi vya Ukimwi.

Anza na lisilo na gharama. Kabla ya kukanyaga chini asubuhi, kaa, pandisha mguu juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea kwako, hesabu hadi 10. Rudia mara 10. Vaa viatu vyenye soli laini.

Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayechechemea baada ya mpira ana habari nyingine: mara nyingi ni mfupa wa kisigino unaokua. Mpumzishe, usimkimbizie sindano.

Maumivu yakizidi wiki chache, au mguu ukivimba, ukifa ganzi au ukiambatana na homa, nenda kituo cha afya au Hospitali ya Haydom. Mwenye kisukari asisubiri.