Barua Si Mhuri
Kibarazani na Bi Tunu

Jumapili jioni, sebuleni kwa binamu yangu Magomeni, nilimwona daktari bingwa mstaafu akisaini barua ya kumsifu mtoto asiyemjua. Aliilaza juu ya meza ya chai, akasaini, akatoa mhuri mfukoni, akaupulizia, akagonga mara mbili. Binamu akapiga makofi. Leo Alhamisi bado sijapoa.

Mtoto mwenyewe ni binti yake, yuko Minnesota, Marekani, mwaka wa tatu wa shahada ya baiolojia, na anautaka udaktari. Kule huingii chuo cha tiba ukitoka kidato cha sita kama hapa, ambako matokeo ya fizikia, kemia na baiolojia ndiyo yanayokusemea. Kwa kawaida unamaliza kwanza shahada ya miaka minne, unafanya mtihani uitwao MCAT, ndipo unaomba miaka mingine minne ya udaktari. Na ukiomba, waliokufundisha waseme wewe ni nani. Vyuo vingi hutaka barua mbili za walimu wa sayansi na moja ya mwalimu wa somo jingine. Mfumo wa maombi, AMCAS, unapokea hadi barua 10. Hapo binamu akapiga hesabu yake: kama nafasi ni 10, kwa nini tusizijaze wakubwa?

Niliomba kuiona barua. Aya tatu za Kiingereza kizuri. Ya kwanza, vyeo vya daktari. Ya pili, idara alizoongoza. Ya tatu ndiyo ya mtoto, na humo binti yetu ameandikwa kama mvulana. Kiswahili kingelificha kosa hilo, maana kwetu "yeye" ni yeye tu; Kiingereza hakifichi. Ilikuwa barua ya kijana mwingine, imebadilishwa jina.

"Hilo dogo," binamu akasema. "Wale wanaangalia mhuri."

Ugonjwa wetu ndio huo. Tumelelewa na vimemo. Tangu utotoni, barua kwetu ni karatasi ya kugongwa mhuri. Unakwenda serikali ya mtaa kutafuta barua ya kufungulia akaunti, unaandikiwa kwamba unafahamika vizuri na ofisi, huku ukiulizwa jina lako linaandikwaje. Simlaumu mwenyekiti, na nyumba zote zile afanyeje? Lakini tumeizoea mno barua isiyosema kitu, hata siku tukiombwa barua inayosema, tunakimbilia kwa mwenye cheo.

Umoja wa vyuo vya tiba vya Marekani, AAMC, umewapa mwongozo waandishi wa barua hizi: mwelezeni mwombaji, msieleze kozi, maabara wala taasisi zenu. Alama wanazo tayari. Wanataka kusikia kile ambacho alama hazisemi. Bingwa wetu, aya mbili kati ya tatu, amejieleza yeye.

Jumatatu usiku nikampigia binti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huko nani anakujua?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema yupo mwalimu wa kemia ogani. Mtihani wa kwanza alipata 41. Kuanzia hapo, kila Jumatano alikwenda ofisini kwa mwalimu na karatasi ile ile, wakichora pete za kaboni ubaoni, wakifuta, wakichora tena. Mtihani wa mwisho akapata 83. Jumla, B. "Naogopa kumwomba, shangazi. Sikupata A."

Nilimwambia bila kupindisha: huyo ndiye. Profesa mwenye jina aliyekufundisha ukumbini na mamia ya wenzako, akakupa A, ataandika nini zaidi ya kwamba alikupa A? Wa kemia ana Jumatano za kuhesabu. Amekuona ukikosea mbele yake na kurudi wiki inayofuata. Daktari anatakiwa awe mtu wa namna hiyo. Nenda mwenyewe, mapema, umuulize kama anaweza kukuandikia barua yenye nguvu. Akisitasita, shukuru uondoke, maana barua ya uvuguvugu inakuumiza.

Binamu ana hasira yake nyingine: barua haitapita mikononi mwake. Sheria ya Marekani ya 1974 inampa mwanafunzi haki ya kusoma barua hizi, lakini waombaji wengi huiachia haki hiyo kwa hiari, ili msomaji aamini kwamba mwandishi alikuwa huru, na mwandishi huituma mwenyewe moja kwa moja. "Mwanangu aandikwe nisijue?" Ndiyo, binamu. Usijue.

Binti alimwandikia mwalimu usiku ule ule. Asubuhi akajibiwa aje Jumatano, saa ile ile yao ya zamani.

Barua ya bingwa ninayo mimi, binamu, niliibeba Jumapili ulipokuwa unamsindikiza mgeni. Njoo uichukue. Na ukija, nitajie jina la mwalimu wa kemia wa mwanao. Unalipa ada mwaka wa tatu huu; nilipokuuliza, ulinitajia cheo cha bingwa.